Kura Hamsini na Nane

Kidole cha mwalimu kilishuka ukurasani taratibu, kikasimama kwenye namba moja: hamsini na nane. Karani mstaafu, mwenye nyumba, alijua kimetua wapi hata kabla hajainua macho.

Jimbo lenyewe lilikwisha kufutwa. Lilikatwa vipande vitatu vikagawiwa majimbo jirani, kama shamba la marehemu asiye na mtoto, na ofisi ya wilaya ikamwomba karani aandike historia yake kabla waliolijua hawajaisha. Nani mwingine angeiweza? Aliandika wabunge wote watano, mwaka wa mafuriko, barabara zilizoahidiwa na zile mbili zilizojengwa. Kalamu ilikwama kwenye uchaguzi mmoja tu, ule ambao mwalimu aligombea akashindwa kwa kura thelathini na moja. Ndiyo maana alimwita mwalimu aje ausome ukurasa huo.

"Hizi ni za kijijini kwetu," mwalimu alisema. "Hamsini na nane, zimeharibika! Watu niliowafundisha mimi mwenyewe kushika kalamu. Walinikomoa makusudi, na uandike hivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mwalimu, ni miaka ishirini na sita sasa."

"Na sijakanyaga kule. Hata dada yangu alipofariki sikwenda. Ningekaaje msibani na watu walionicheka?"

Lo, siri ikikaa sana huota mizizi! Siku ile karani ndiye aliyesimamia kituo cha kijiji kile, katika darasa la shule. Alichelewa kufungua, foleni imefika barabarani, watu wananung'unika, naye akaanza kugawa karatasi mbiombio. Kila karatasi ilipaswa kugongwa muhuri nyuma kabla ya kumfikia mpiga kura. Muhuri ulikuwa mfukoni mwa koti lake, na koti lilikuwa limetundikwa msumarini. Alipoukumbuka, saa nzima ilikuwa imepita. Akaanza kugonga kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kura zilihesabiwa makao makuu ya jimbo, na zisizo na muhuri zikatupwa kando. Kwenye fomu likaandikwa neno moja tu: zimeharibika. Kazi yake ilikuwa bado changa, mke ana mimba. Akaufyata.

"Hawakuziharibu," karani alisema sasa. "Niliziharibu mimi. Nilisahau kuzigonga muhuri."

Akamweleza yote, hata koti hakuliacha. Mwalimu alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Kila wiki tunakutana sokoni," alisema hatimaye. "Unaniuliza habari za nyumbani. Nyumbani!"

"Ndiyo, mwalimu. Nilikuwa naona haya, basi nasalimia zaidi."

"Uliukumbuka muhuri saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Na dada yangu?" Hapo sauti ilimpungua. "Alikuja saa ngapi?"

Karani aliinamisha kichwa. "Alikuwa wa kwanza. Nilimkuta mlangoni amekalia kigoda chake. Alipotumbukiza karatasi aliniambia, 'Leo mdogo wangu anakuwa mheshimiwa.'"

Mwalimu alivua miwani akaiweka juu ya ukurasa, akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya msiba wenyewe, na karani hakuthubutu hata kumsogezea maji. Karani mwenyewe aliona uchungu na aibu, na chini yake kabisa, nafuu iliyomtia aibu zaidi.

Alipotulia, mwalimu alimsukumia kalamu. "Andika. Na jina lako uliweke."

Akaandika. Mistari minne tu, ikamtoa jasho.

"Msibani kwake ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nilibeba jeneza."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. "Basi la kule siku hizi linaondoka saa ngapi?"

"Saa saba."

"Vaa viatu. Mimi kaburi silijui, utanionyesha. Na hao watu utawaambia wewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo."

Karani aliinama chini ya meza kutafuta viatu. Alifunga kamba za cha kwanza, zikafunguka, akazifunga tena, huku mwalimu akimsubiri mlangoni na mkoba begani.