Lango la Mia Tano

Soko huria lilipoanza kuleta watu wa kutafuta mashamba makubwa Msowero, mwenyekiti wetu Gabrieli alirudi kutoka Morogoro na ramani. Alitaka wageni hao wakute wakulima na wafugaji tumeshagawana ardhi. Akaitandaza mkutanoni, akatuonyesha mstari wa kahawia uliozunguka kilima, akasema serikali ilishachora mpaka siku nyingi: ndani ya mstari ng'ombe, nje mahindi.

Tuliridhika wote isipokuwa Kimaren, mfugaji wa pale kilimani. Alisema mstari umefunga pande zote na mto uko nje, sasa ng'ombe wake wakanywe wapi?

Gabrieli akaiinamia tena ramani. Akaona mahali mstari ulipokatika, na kwenye pengo pameandikwa 500. Akatangaza kwamba hilo ndilo lango, na ruhusa ni ya ng'ombe mia tano. Tulipolitafuta ardhini, lango likaangukia uani kwa Joha, mkulima mjane, kati ya jiko na nyumba.

Joha alikataa. Akaambiwa ramani haimwonei mtu. Basi kila asubuhi ng'ombe wakawa wanajipanga foleni kupita mbele ya sufuria zake, wakati kilima kiko wazi kila upande. Kimaren alitangulia, akimwamkia shikamoo kwa aibu. Joha aliitikia marahaba huku akifunika uji kwa ungo, maana vumbi lilikuwa halina adabu.

Siku moja akaja mpima ardhi, Consolata. Aliikuta foleni, akauliza, akaonyeshwa ramani. Akaeleza taratibu kwamba ule si mpaka, ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja. Hiyo mia tano ni mita.

"Mita kutoka wapi?" akauliza Gabrieli.

"Kutoka usawa wa bahari."

"Bahari imeingiaje Msowero?"

Consolata akaanza kueleza, lakini Joha hakungoja. Alimgeukia Kimaren.

"Pitisha ng'ombe wako kule korongoni, hakuna anayelima. Ila tukishavuna, walete shambani kwangu wale mabua. Nimeona mboga zinavyoota hapa uani tangu waanze kunichafulia."

Kimaren akakubali. Gabrieli, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti, akasema amepitisha.