Farasi Waliolala Katikati ya Uwanja

Pale walipochora duara la katikati ya uwanja wa mpira zamani palikuwa malisho, na Vendel Kocsor hakusahau nani alipapora. Kwanza Chama cha Kikomunisti, miaka ya hamsini, kilisema trekta limefika na farasi ni mdomo wa kulishwa bure. Wakawapiga risasi farasi wa babu yake, wakawafukia hapo hapo malishoni. Babu, aliyekuwa amemficha farasi jike mmoja, walimchukua na mjeledi wake mkononi, na hakurudi. Kundi lote la Vendel ni uzao wa yule jike.

Mara ya pili akaja Ottó Harmath, mwenyekiti wa klabu, akajenga jukwaa la kuketisha watu mara nne ya kijiji kizima, kwa timu isiyoweza hata kushuka daraja kwa heshima. Sasa alitaka na malisho yaliyobaki.

"Wafurahishe wageni wa ligi kabla ya mechi," alimwambia Vendel, "na majike wako watabaki. Ukiniaibisha, lori la machinjio lile pale getini."

Basi jua la adhuhuri likiwa utosini, Vendel aliingia uwanjani amesimama juu ya farasi wawili, mguu huku mguu kule, watatu wakitangulia mbele, joho lake la buluu likipepea. Watu wakapiga makofi. Upande usio na jukwaa nyika ilikuwa ikimeta kwa mazigazi.

Kutoka huko mjeledi ukalia.

Farasi wote watano wakalala chini. Vendel akawahi kuruka chini.

Piri, binti aliyemsaidia kutunza farasi, akaja mbio. "Mzee Vendel, umewalaza wewe?"

"Mjeledi wangu uko kiunoni, mwanangu."

"Wameona kikosi chetu, wamezimia!" mtu akapaza sauti jukwaani.

"Refa, mpe kadi huyo farasi mweusi, anapoteza muda!"

Harmath alikuwa ameshaingia uwanjani, uso umemwiva. "Wainue, Kocsor! Wainue, au naita lori!"

Vendel akachomoa mjeledi. Angewachapa wangeinuka, wapo wachungaji wafanyao hivyo. Lakini farasi wa nyika hufunzwa kulala kwa sababu moja: pasipo mti wala kilima, alalaye ndiye asiyeonekana. Na kwa hiari yake hainuki mpaka aliyemlaza amwambie. Bokréta, jike wa mbele, alikuwa amebandika masikio kichwani, akitazama kule kwenye mazigazi.

Vendel akautupa mjeledi. Akalala, mgongo kwenye mbavu za Bokréta.

"Lala, Piri."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Lala, nimekwambia!"

"Mzee umerukwa na akili," Harmath akacheka. "Haya, dereva! Leta..."

Ardhi ikaanza kudunda. Nyasi zikainama kwa upana wa kundi zima, toka nyikani hadi uwanjani, madonge ya udongo yakiruka, na mnyama haonekani hata mmoja. Upepo wenye joto la pumzi ukawapita Vendel na Piri, ukawakwepa. Ukamfikia aliyesimama. Ukamzunguka, ukazunguka tena, duara likizidi kubana.

Ulipotulia, Harmath alikuwa bado wima, juu ya kijipande cha nyasi kisichozidi nyayo zake. Kote kumzunguka udongo ulikuwa umepinduliwa kama uliolimwa, na ndani yake mifupa ya farasi, mafuvu marefu yenye meno.

"Liondoeni lori," alisema, kwa sauti ya mgonjwa. "Chukueni malisho. Chukueni yote."

Kutoka nyikani ukaja mluzi mfupi. Bokréta akainuka, na wenzake.

Vendel hakuuliza ni nani. Alishika hatamu, akakanyaga mistari ya chaki, akatoka. Dereva wa lori alikuwa ameshafungua geti, kofia mkononi. Majike wa zizini wakajiunga nao njiani, wakaelekea malishoni.

Kwato zilizowafuata zilikuwa nyingi mno. Piri akataka kugeuka.

Vendel akamshika mkono. "Tembea tu, mwanangu. Waache nao warudi nyumbani."