Mfano Wangu kwa Karani

Kabla ya alfajiri nilisikia kifuniko cha sufuria kikigongagonga jikoni. Mjukuu wangu, tuliyempa jina la Chiriku kwa maneno yake mengi, alikuwa amebandika chai bila kuniamsha. Tangu binti yangu, mama yake, afariki, tuliishi wawili tu. Macho yangu yamefifia, na mtoto ndiye aliyekuwa akinilea mimi. Baba yake ameoa tena, ana nyumba nzuri. Siku hiyo tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii nimkabidhi kwake; yeye na mkewe walitusubiri huko.

Karani wa pale ana utaratibu wake. Karatasi ni ya Kiingereza, na haruhusu utie saini mpaka neno zito lililomo ulitolee mfano wako mwenyewe.

"Bibi, neno ni *relinquish*. Ni kuachia kitu ambacho ni haki yako. Nipe mfano."

"Nilimwazima jirani jiko langu."

"Hilo jiko litarudi, Bibi."

"Haya, mwizi alibeba redio yangu."

Mkwe wangu akaangua kicheko. "Mama, kwani mwizi alikuomba?"

Karani naye akacheka, kisha akanisogelea. "Huko ni kunyang'anywa. Hapa unaachia mwenyewe, kwa hiari, na hudai tena."

Mlangoni Chiriku alikuwa akimfundisha mama yake wa kambo jinsi ya kunishika mkono kwenye ngazi. "Usimvute. Mwache akuegemee."

"Na nikishindwa?" nikauliza.

"Mtarudi nyumbani, Bibi. Hakuna wa kukulaumu." Akaiondoa kalamu karibu na mkono wangu asionekane kunisukuma. Wema ule ndio ulionitoa machozi.

Nikasema, "Mimi nina-*relinquish* mjukuu wangu, na bado namtaka." Kisha nikauliza, "Nimekosea?"

"Hapana, Bibi." Akanisogezea karatasi. "Umelitumia sawasawa."

Nikaomba kalamu.

Jumapili nilikwenda kumwona. Alikuwa amesukwa vizuri, ana kitanda chake mwenyewe. Alizungumza kwa sauti ya chini, akaomba ruhusa kabla ya kuniletea maji. Nilipoinuka alinisindikiza hadi mlangoni, akasimama upande wa ndani.

"Asante kwa kuja, Bibi. Karibu tena," akasema, kama anavyoagwa mgeni.

Kisha akanikumbatia kiunoni, akanong'ona, "Uje tena, Bibi. Uje kesho."