Ukoko wa Pampu ya Rwamgasa

Jumanne ya mwisho ya Agosti, 1983, fundi Masele wa Shinyanga alifungua silinda hedi, kifuniko cha injini ya pampu ya Herman, akailoweka kwenye mafuta ya taa na kuanza kuikwangua ukoko wa moshi kwa kijiti cha mti. Chuma hakutumia, chuma huchubua. Pampu ililetwa kwa lori, juu ya marobota ya pamba kutoka Rwamgasa, kwenye shimo la dhahabu ambalo Machi lilijaa maji likaua wachimbaji watatu. Herman, mwenye shimo, alisema injini ilizimika yenyewe kwa uchafu.

Ukoko wa kwanza ulipobanduka akatoka Onesmo, mmoja wa wale watatu, mweusi tii.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Usikanyage gasketi, hakuna nyingine.”

Onesmo akaomba sabuni. Mwaka ule sabuni haikuwepo mji mzima, basi akajisugua kwa majivu. Kwenye valvu ya moshi akatoka Cornel, wa pili, anakohoa.

“Injini haikuwa na ubaya,” Cornel alisema. “Tajiri aliizima saa kumi ili dizeli ibaki, na sisi tuko chini. Kesho yake alipoiwasha ikavuta pumzi zetu.”

“Ndiyo maana ukoko wenyewe mgumu,” Masele akasema, akaendelea kukwangua.

Alasiri akafika Zuleha, mke wa Salehe, yule wa tatu. Alikuwa na sanda kikapuni, aliyoipata kwa kibali cha nguo; bado haijatumika, maana shimoni haukuonekana hata mwili mmoja.

“Wangu yuko wapi?”

“Kwenye pistoni.”

Ukingoni mwa pistoni lilibaki duara jembamba la ukoko. Injini ikiwa kuukuu, fundi huliacha: likitoka, nguvu huvujia pembeni na injini hugoma kuwaka. Ringi mpya nazo hazikuwepo, kama sabuni.

“Kwangua, baba.”

Masele akaweka kijiti ukingoni.

“Mama Mwahija, mwache fundi,” Salehe akamwambia mkewe kutoka kwenye duara. “Shimoni washaingia watu wengine. Pampu isipowaka, maji yatawafunika.”

“Na mimi nizike nini?”

Masele akakiinua kijiti, akakifuta kwa kitambaa na kukiweka chini.

Ijumaa Herman alikuja kuchukua pampu yake. Akawakuta Onesmo na Cornel kwenye benchi.

“Shikamoo, tajiri.”

“Marahaba. Nafasi zenu nimeshawapa wengine.”

“Tumesikia.”

Wakainuka, wakaenda makwao kwa miguu, kuzikwa.

Rwamgasa pampu iliwaka kwa mzungusho wa kwanza. Zuleha, aliyeifuata huko, alikunjua sanda mbele ya bomba la moshi, akaishika kwa mikono miwili. Ilianza kuwa nyeusi polepole, kuanzia katikati. Salehe alifanya kazi vizuri, bila kukohoa, mpaka saa kumi.

Saa kumi Herman akaizima, ili dizeli ibaki. Chini walikuwamo wanne.