Fomu Kumi na Tisa

Hakuwa na godoro. Hakuwa na mlango wa mbele, maana maji yaliung'oa pamoja na bawaba zake yakaenda nao. Hakuwa na kiatu cha mguu wa kushoto. Cha kulia kilibaki juu ya kabati, kizima, kinang'aa, kama kinamcheka. Hakuwa na kile kioo kidogo ambacho fundi saa hukibana jichoni, hakuwa na koleo zake nyembamba, wala kisanduku cha vipuri alichokuwa akikijaza tangu ujanani. Hakuwa na meno mawili ya mbele, ingawa hayo mafuriko hayahusiki nayo. Na zaidi ya yote, hakuwa na uwezo wa kutamka neno moja dogo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilitamka kutwa kucha: nisaidieni.

Mtaani walimwita Katibu. Hakuwahi kuwa katibu wa chama wala wa kamati yoyote. Jina lilimganda kwa sababu alikuwa ameanza shule ya jioni akiwa na mvi za kwanza kichwani, akakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakimgusa kidevu, hadi akaandika vizuri kuliko waliosoma mapema. Tangu hapo mtu akitaka barua ya mkwe, ombi la kazi au maneno ya kusoma msibani, alielekezwa kwake. Naye hakumtoza mtu. Malipo yake yalikuwa kusikia wakisema, "Mzee huyu kalamu anaijua."

Maji yalipopungua, wa kwanza kufika hawakuwa wakubwa kutoka mbali. Ulikuwa Mfuko, kikundi cha hisani kilichoanzishwa na watu wa mji huo huo: muuza rangi, mwalimu mkuu mmoja, na matroni aliyestaafu hospitalini. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na ngazi zake zilinuka rangi mwaka mzima. Wiki ya kwanza walileta mablanketi na chakula. Wiki ya tatu wakaleta fomu za vitendea kazi, ili kila mtu arudi kwenye kazi yake.

Mfuko haukutuma wapimaji wa kukagua nyufa. Uliamini neno la mtu. Katikati ya fomu palikuwa na nafasi kubwa, na juu yake maandishi haya: Eleza kwa maneno yako mwenyewe umepoteza nini, na huwezi kuendelea bila nini. Kamati ilisoma hapo kuliko mahali pengine popote.

Katibu akawekewa meza nje ya banda la kinyozi. Watu wakapanga foleni.

Wa nne alikuwa Dobi, mama wa makamo aliyepanga chumba mkabala na nyumba ya Katibu. Alikaa kwenye kiti, akafuta mikono kwenye khanga japo ilikuwa mikavu.

"Haya, mwanangu, sema," alisema Katibu.

"Andika sina kitu, mzee wangu. Mapipa ya kufulia yamekwenda. Pasi za mkaa zimekwenda, zote. Nguo za watu nilizokuwa nazo zimekwenda, na wenyewe wananijia juu kama mimi ndiye niliyeleta mvua. Wanangu nimewapeleka kwa dada, na shemeji ameshaanza kununa. Andika nimeshindwa. Andika nikikosa mapipa na pasi, basi mimi nimekwisha."

Katibu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainamisha kichwa, akaandika taratibu kwa ule mwandiko wake wa kulala upande:

"Mimi ni mfua nguo mwenye uzoefu wa miaka kumi na sita. Ingawa maafa haya yamenigusa, naendelea kujitegemea kwa kadiri ya uwezo wangu. Nitapokea kwa shukrani msaada wowote mtakaoona unafaa."

Akamsomea. Dobi akabaki mdomo wazi.

"Huyo ni mimi kweli? Mbona kama waziri!"

Foleni nzima ikacheka. Dobi akaweka sahihi yake, akaondoka kichwa juu. Katibu naye akajiona amemvisha nguo safi.

Alifanya hivyo kwa wote kumi na tisa. Fundi viatu alipolia, Katibu aliyafuta machozi kwenye karatasi. Mshona nguo aliposema anaazima sufuria, Katibu aliandika kwamba "anashirikiana vyema na majirani." Hakutia uongo, alijiambia. Alitoa aibu tu.

Aibu hiyo ilikuwa na chanzo chake utotoni. Mama yake aliwahi kusimama kwenye foleni ya chakula cha msaada, akapewa kadi, akaitunza miaka mingi kwenye mkoba wa nguo. Katibu alipojifunza kusoma ukubwani, kadi ile ilikuwa moja ya vitu vya kwanza alivyovisoma. Karani fulani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Fukara kabisa, hana msaada wowote. Mama hakuwa akijua kusoma. Alikuwa akiionyesha kadi ile kwa wageni kwa fahari, akidhani ni cheti. Siku alipoisoma, Katibu alikula yamini kwamba kalamu yake haitamwandika mtu hivyo.

Fomu ya ishirini, ambayo ingekuwa yake mwenyewe, aliirudisha tupu.

Orodha ilipobandikwa ukutani mwa duka la rangi, watu walisukumana. Waliojiandikia wenyewe, karibu wote, majina yao yalikuwa upande wa kwanza: watapewa vifaa wiki hiyo hiyo. Wale kumi na tisa wa Katibu walikuwa upande wa pili, chini ya neno "Wanaojimudu." Wao wangesubiri, kama kungebaki kitu.

Kinyozi, ambaye mwandiko wake ulifanana na kuku aliyekanyaga wino, alirudi amebeba mashine mpya ya kunyolea na kiti kinachozunguka. Akajikalisha, akajizungusha.

"Katibu! Unajua niliandika nini? 'Mashine imekufa, kiti kimekwenda na maji, nisaidieni.' Basi! Hata nukta sikuweka. Wewe na lugha yako ya redioni, watu wako wako wapi?"

"Huu ni upendeleo," alisema fundi viatu kwa hasira. "Wanapeana wao kwa wao."

"Kujuana tu," akaunga mkono mshona nguo. "Au siyo, mzee?"

Wote wakamtazama Katibu. Moyo wake ulishajua. Ulikuwa umejua tangu aliposoma lile neno ukutani, maana lilikuwa neno lake. Angeweza kusema pale pale. Badala yake akakohoa, akarekebisha kola, akasema:

"Mambo ya kujuana hayajaanza leo."

Maneno yalipomtoka akahisi joto limempanda kutoka shingoni hadi masikioni. Watu walioupa mtaa mablanketi, amewapaka matope ili yeye abaki msafi.

Dobi hakulalamika na wengine. Alimvuta pembeni.

"Mzee wangu, mimi sina muda wa kusubiri. Kuna nyumba ya wageni kule juu, hawakufikiwa na maji. Wamesema nikiwa na mapipa na pasi Jumatatu, mashuka yao yote nafua mimi. Nikikosa, wanampa mwingine. Twende ofisini. Wewe ndiye unayejua kuongea."

Angekataaje? Walipanda zile ngazi pamoja siku ya Jumatano, Dobi mbele, Katibu nyuma akiwa amevaa kandambili, kiatu kimoja kikiwa hakimfai mtu.

Matroni aliwakaribisha viti. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, wa kumwangalia mtu kama anamsikiliza mapafu. Dobi alieleza shida yake, kisha akasema, "Mzee atafafanua zaidi." Mzee akarekebisha kola.

Matroni alitoa bahasha ya kaki, akachambua, akavuta fomu moja.

"Mama, hapa umesema unajitegemea. Tulifurahi kusoma hivyo. Vifaa ni vichache, tukaona tuanze na aliyesema amekwama." Akazishika zile fomu nyingine kwa pamoja, akazikung'uta mezani zikae sawa. "Fomu kumi na tisa, mwandiko mmoja. Mwandiko mzuri sana."

Chini dukani mtu alikuwa akigonga kifuniko cha mkebe. Katibu alizitazama kandambili zake akatamani sakafu ipasuke immeze.

Dobi aligeuka, akamtazama. Alimtazama kwa muda ambao Katibu hakuweza kuupima, yeye ambaye maisha yake yote alipima dakika. Kisha akamgeukia Matroni.

"Kosa ni langu, Matroni. Niliyataka mwenyewe maneno hayo. Nilijivuna."

"Hapana kosa, mama. Ila fomu ikishapokewa hatuifuti. Inarekebishwa kwa barua ya aliyeiandika, akieleza wazi alichokosea. Iwe hapa kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Baada ya hapo vilivyobaki vinavuka daraja, kwa watu wa ng'ambo. Nao wameumia."

Walishuka ngazi. Barabarani Katibu alianza, "Mwanangu, mimi..."

"Acha, mzee," alisema Dobi. Hakuwa na hasira sautini, na hilo ndilo lililomchoma. "Ulitaka nionekane mtu. Mimi nilikuwa nataka pasi."

Nyumbani mkewe alikuwa akikwangua tope ukutani kwa kipande cha bati. Alisikiliza habari yote bila kuacha kukwangua.

"Baba watoto, uliwaonea aibu," alisema mwishoni. "Nani alikutuma?"

"Sikutaka waandikwe kama mama yangu."

"Mama yako aliandikwa na mtu asiyemuuliza. Hawa walikuambia wenyewe, kwa midomo yao, ukawaziba. Una tofauti gani na yule karani?"

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amejisifu miaka mingi kwamba si kama yule karani, na kumbe walichotofautiana ni rangi ya wino tu.

Alhamisi alianza kuandika asubuhi. Karatasi ya kwanza ilianza, "Kwa heshima na taadhima, napenda kutoa ufafanuzi mdogo." Akaichana. Ya pili ilisema kwamba "palitokea hali ya kutoelewana." Akaichana pia. Palitokea! Kama mvua. Kalamu yake ilikuwa imezoea kujificha, kila alipoisogeza kwenye neno lenyewe ilikata kona. Hadi jioni alikuwa ameandika sentensi moja tu ya kweli: Niliandika nilichotaka mimi, si nilichoambiwa.

Baada ya hiyo mengine yalikuja. Maneno ya watu aliyakumbuka yote. Aliyaandika ya mmoja baada ya mwingine, kama walivyoyasema: machozi ya fundi viatu, sufuria ya kuazima ya mshona nguo, shemeji aliyenuna. Mwisho akaandika kwamba yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu akasema Mfuko unapendelea, hali akijua si kweli.

Angeweza kuipeleka kimyakimya. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Lakini maneno yale hayakuwa yake, na alishayachezea mara moja bila ruhusa ya wenyewe. Ijumaa asubuhi akapita mlango kwa mlango akiwaita wafike kwa kinyozi.

Walifika karibu wote. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa.

"Nina barua," alisema Katibu. "Naomba niisome, mwenye neno lake alikubali au alikatae."

Akasoma. Alipofika kwenye sentensi ile ya kweli, mtu mmoja akasema, "Kumbe!" Alipofika kwenye lile la upendeleo, fundi viatu akaguna, akaangalia chini, maana yeye ndiye aliyelianzisha akalieneza. Mshona nguo alisimama.

"Sisi tumewatukana wale watu wiki nzima," alisema. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, unaitikia. Mimi nilikuamini, mzee." Akajifunga khanga vizuri, akatoka, wala hakugeuka nyuma. Lakini hakusema neno lake liondolewe.

Hakuna aliyemwambia Katibu kwamba si kitu. Naye hakutegemea. Alibaki amesimama katikati ya nywele zilizokatwa, mikono ikining'inia.

"Umeandika pasi mbili," alisema Dobi kutoka pembeni.

"Eh?"

"Pasi zangu. Umesoma mbili. Zilikuwa tatu, na ya tatu ndiyo ilikuwa nzito, ya mashuka."

"Samahani." Akaomba meza. Akakata mbili, akaandika tatu, akaweka sahihi yake ndogo pembeni ya mkato ili ijulikane nani amekosea. Kisha akamsogezea Dobi karatasi, aone.

"Sasa huyo ndiye mimi," alisema Dobi.

Saa ya ukutani kwa kinyozi ilikuwa imekufa kwa maji, ikabidi wamuulize mteja mwenye simu. Saa tano na dakika kumi. Kinyozi alishaanza kutoa baiskeli nje.

"Lete, Katibu. Kwa hizo kandambili utafika Jumanne."

"Na mimi je?" aliuliza mteja akishika upande wa kichwa ambao haujanyolewa.

"Wewe subiri hapo. Si unajimudu?"

Wachache walicheka. Katibu hakucheka. Alikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi kwa ulimi uliokauka, ikagoma kushika, akalamba tena. Akaibana kwa kiganja juu ya meza, akaegemeza uzito wake wote wa uzee hapo hadi alipokuwa na hakika imefungika. Juu yake akaandika jina la Mfuko, na chini, mahali pa mtumaji, akaandika jina lake kamili, kwa herufi kubwa, bila urembo. Akamkabidhi Kinyozi. Kinyozi akaitia ndani ya shati, akafunga kifungo, akapanda baiskeli na kuishika barabara ya kwenda duka la rangi.