Magari Yaliyorudi Bila Kuitwa

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, mlinzi wa kiwanda cha magari alifungua geti ili wafagiaji waingie, akakuta magari saba yamejipanga nje, moja nyuma ya jingine, pua zikielekea ndani. Yote yalikuwa ya aina moja, lile gari dogo la familia ambalo kiwanda kiliuza kwa wingi mwaka uliopita. Aligusa boneti la gari la kwanza, likamchoma kiganja. Akachungulia ndani, hakuna mtu. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachoingia, alichukua daftari, akaandika namba za usajili, na penye jina la dereva akachora mstari. Kisha akayapisha. Yaliingia taratibu, yakapanga foleni mbele ya jengo la ofisi, yakazima injini.

"Yamekuja yenyewe?" Bi Kalamu alimuuliza alipofika kazini.

"Yenyewe, dada. Na yamefuata alama za barabarani kuliko watu."

Bi Kalamu ni jina alilopewa na wenzake, kwa sababu kila neno ambalo kiwanda kililiambia jiji lilipitia mkononi mwake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ofisi ya uhusiano. Miezi mitatu ya mwisho aliimaliza kwenye taarifa moja tu, na sasa ilikuwa na matoleo kumi na mawili. La kwanza lilisema kwamba mpira unaopitisha mafuta ya breki katika gari lile hupasuka ukipata joto, na kwamba wenye magari wayarudishe kiwandani. Toleo la nne halikuwa na "hupasuka"; lilikuwa na "unaweza kupasuka," maana mwanasheria wa kiwanda alisema kuweza kupasuka si kupasuka. La saba lilikuwa na "changamoto." La tisa halikuwa na mpira. La kumi na mbili, ambalo ndilo lililotolewa magazetini, liliwashukuru wateja kwa uaminifu wao na kuwaomba waendelee kufurahia safari zao bila wasiwasi.

Kila alipoyasoma yote kwa pamoja kichwa kilimzunguka kama pia. Ripoti ya mhandisi wa breki kuhusu mpira huo aliwahi kuiona nusu. Nusu ya pili mwanasheria aliichukua mezani kwake, akimwambia itamchanganya. Ikawa kweli, ila ilimchanganya kwa kutokuwepo.

Saa tatu mkurugenzi aliita kikao. Alikuwepo pia mshauri wa majanga, bwana mmoja nadhifu aliyekodiwa kutoka nje, ambaye kila asubuhi aliwakumbusha kwamba radhi njema ni ile isiyosema kosa ni lipi.

"Nani kayaita haya magari?" mkurugenzi aliuliza.

Suala la kuyaita yarudi kiwandani lilikuwa limeahirishwa mara tatu katika vikao vya chumba hichohicho.

"Kama hayakuitwa, yamekuja kutembea," alisema mshauri. "Mgeni akija kutembea, unamnawisha uso, unamsindikiza. Yaoshwe, wenye magari wapigiwe simu. Waambiwe ni huduma ya bure ya usafi."

Bi Kalamu akaandika: huduma ya bure ya usafi.

Jumatano yalikuja arobaini. Alhamisi mlinzi alimaliza daftari moja akafungua jingine. Katikati ya foleni ya Alhamisi lilikuwepo gari lililokunjwa pua mpaka kwenye kioo, limetoka uwanja wa polisi likijivuta kwa magurudumu matatu. Kwenye kiti cha mbele kilikuwepo kiatu kimoja cha kike. Mwanasheria aliteremka, akalizunguka mara mbili, akaona kwamba nembo ya kiwanda ilikuwa imedondoka katika ajali. "Hilo si letu," alisema. Likasukumwa nyuma ya jengo, na huko lilikaa bila kusumbua mtu.

Bi Kalamu, aliyeyatazama hayo kutoka dirishani kwake, alikuwa bado hapo simu yake ilipoita. Alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyemfuata ziwa.

"Dada, gari langu halipo. Nimetoka kuoga nakuta pale lilipolala pamebaki doa tu la mafuta. Mwizi gani huyo anaiba saa kumi na mbili asubuhi, majirani wote wanafagia?"

Bi Kalamu aliteremsha macho kwenye foleni. Mstari wa tatu kulikuwa na gari lenye picha ya sungura kwenye kioo cha nyuma, sungura kichwa chini miguu juu, kama mapacha wa mdogo wake walivyoibandika siku lilipoletwa nyumbani.

"Halijaibwa," alisema. "Liko hapa kazini kwangu."

"Ah! Basi afadhali. Nakuja kulichukua."

Alifika saa nne, ametota jasho, mkononi mikoba miwili ya shule iliyokosa usafiri. Alimkumbatia dada yake, akalipigapiga gari mgongoni kama mtu anayemsamehe mbuzi mtoro. Bi Kalamu alikuwa ameshuka kumpokea, na ngazini alikuwa amepiga moyo konde.

"Usiliendeshe kwanza," alimwambia. "Kuna mpira huko kwenye breki. Wanasema unapasuka."

Mdogo wake alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Nani wanasema? Taarifa yenu mimi nimeisoma. Nimemsomea mama mapacha mezani, neno kwa neno. Nikamwambia, tulia mke wangu, hii kaandika dada, na dada hatii chumvi."

"Niliandika mimi, ndiyo. Lakini..."

"Lakini nini? Ni uongo?"

Hapo Bi Kalamu hakujua ashike lipi aache lipi. Ukiipima taarifa kwa toleo la kwanza, ilikuwa uongo. Ukiipima kwa la kumi na mbili lenyewe, haikuwa uongo, kwa sababu humo hakukuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukidanganyia. Alijaribu kukumbuka ripoti, akakumbuka nusu. Ulimi ulikuwa mdomoni lakini maneno yote aliyoyatafuta yalikuwa yameshafutwa.

"Sijui," alisema.

"Basi kama hata wewe uliyemo ndani hujui, tusitiane hofu bure." Aliingia garini kwa upole. Gari lilikataa kuwaka mara tatu, la nne likapiga kwikwi likawaka. "Breki zenyewe zimelegea kidogo tu, nimeshazizoea. Unakanyaga mara mbili."

Akakanyaga mara mbili kumwonyesha, akaondoka.

Bi Kalamu hakurudi ofisini. Alikwenda karakana kwa mhandisi wa breki, mzee aliyebakiza miezi minane astaafu, akamkuta anakunywa chai amesimama.

"Mzee wangu, niambie mimi peke yangu. Unapasuka au haupasuki?"

Mhandisi alimpeleka mpaka mlango wa stoo. Kupitia wavu yalionekana maboksi, yamepangwa mpaka darini. "Hiyo ni mipira mipya," alisema. "Mizuri. Tuliileta mwaka jana. Kubadilisha gari moja ni dakika ishirini."

"Mwaka jana? Sasa kwa nini isibadilishwe? Magari si haya yamekuja yenyewe!"

"Ufunguo wa stoo uko kwa mwanasheria."

Alasiri hiyohiyo Bi Kalamu alikwenda kwa mkurugenzi bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kwamba magari yako uwanjani, mipira iko stoo, mafundi wapo. Yabadilishwe kimyakimya yanapooshwa. Alisema na la mdogo wake.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, hata akampa maji. "Tukibadilisha mpira mmoja tutaulizwa kwa nini," alisema. "Na mamia mengine? Na lile la nyuma ya jengo? Pole kwa la mdogo wako. Breki akizikanyaga vizuri hazina neno."

Mshauri wa majanga alikuwa amekaa pembeni akipitia malalamiko ya wateja. "Nimesoma barua mia mbili na kumi," alisema. "Hakuna hata moja inayolalamikia breki. Watu wanalalamika kwamba gari linaondoka. Mteja anaamka, gari halipo, kazini anachelewa. Hilo ndilo tatizo, na hilo tunaliweza."

Wiki iliyofuata ikawasili minyororo. Ilikuwa minyororo imara, imevikwa plastiki ya buluu isikwangue rangi, na kila kufuli lilikuwa na nembo ya kiwanda. Kila mwenye gari alipewa mmoja bure. Watu walipanga foleni tangu asubuhi, wakashukuru, wengine wakapiga picha. Bi Kalamu ndiye aliyewekwa mezani kugawa, kwa kuwa uso wake ulijulikana na kuaminika.

Mdogo wake alikuja Ijumaa pamoja na mapacha. Alishaacha kushangazwa na safari za gari lake, ila alichoka kulifuata; kazini alikuwa ameonywa mara mbili.

"Wangu upo?" aliuliza.

"Upo." Aliushika mnyororo, hakuuachia. "Lakini nakuomba, mdogo wangu. Mipira iko humu ndani, nimeiona kwa macho yangu. Subiri tu."

"Nisubiri mpaka lini?"

Nyuma ya mdogo wake watu walianza kusonya. Mmoja wa mapacha alisema, "Shangazi, tunachelewa shule." Bi Kalamu akauachia mnyororo.

Wikendi nzima mitaa ya jiji ilisikika ikikwaruza. Magari yalivuta minyororo saa kumi na mbili asubuhi, yakavuta tena saa moja, kisha yakachoka. Watu walijifunza kuyafunga kwenye nguzo, kwenye mageti, kwenye mashina ya miti. Jumatatu mlinzi alifungua geti, akatazama barabara kushoto na kulia, akaandika tarehe juu ya ukurasa. Chini yake hakuandika kitu.

Saa tano mwandishi wa gazeti alipiga simu ofisi ya uhusiano. Alisikia kwamba magari ya aina fulani yanarudi kiwandani, akataka kujua kama ni kweli na kama wateja wako salama. Bi Kalamu aliomba dakika kumi. Aliandika jibu la sentensi moja akalipeleka kwa mwanasheria: "Tangu asubuhi ya leo hakuna gari hata moja lililorudi kiwandani."

Mwanasheria aliisoma, kalamu nyekundu mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu hakufuta neno. Bi Kalamu alirudi mezani kwake, akampigia mdogo wake mara nne, simu ikiita bila kupokelewa. Pengine yuko barabarani, aliwaza. Kisha akampigia mwandishi, akamsomea sentensi ile kwa sauti ya wazi, nukta mahali pake.