Fungu la Bi Sada

Programu ya kugawa samaki ilikuwa kazi ya kwanza ya Bwanausi isiyokuwa na bosi. Aliacha ajira Dar kwa jeuri, akarudi Bagamoyo na kompyuta yake. Mjomba alipomwita auze misumari dukani kwake Kerege, alijibu, "Nitakula kwa akili yangu."

"Akili hailiwi, mpwa wangu," mjomba akacheka. "Wale akina mama wa sokoni wakikukataa, duka lipo."

Asubuhi moja simu ikalia. Ni Bi Maulida, kiongozi wa wakaanga samaki.

"Shikamoo, Bi Maulida."

"Kaa na shikamoo yako! Njoo uone ulichofanya."

Aliwakuta akina mama sokoni wamejishika viuno, mafuta yakinguruma kaangoni. Wao hununua mnadani kwa umoja, kisha hugawana mafungu. Siku hizi programu ndiyo iliyogawa. Leo imempa kila mtu, ila Bi Sada.

"Hajanunua mwezi mzima," Bwanausi alisema. "Asiyenunua, programu humwondoa. Ndivyo programu zilivyo duniani kote."

"Dunia ipi? Sada yuko eda! Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, wewe unamtoa kwenye chakula cha wanawe?"

"Ana kompyuta, hana mama!" mwingine akadakia, wakacheka kicheko cha pilipili.

Damu ikampanda. Kisha akakumbuka. Mama yake naye aliwahi kukaa eda, na samaki walifika mlangoni bila mtu kuuliza vimetoka wapi vitoweo vile. Alilijua hilo tangu utotoni; ila alipokaa kuandika programu, aliandika kama mgeni.

"Basi," Bi Maulida akakata shauri. "Tutagawa kwa mikono yetu."

"Nipeni mpaka adhuhuri."

"Ukishindwa?"

"Nitauza misumari."

Akaketi juu ya kreti, magamba ya samaki yakimrukia kwenye kioo cha kompyuta.

"Fungu la Bi Sada nani anamkaangia?"

"Tunapokezana."

"Na aliyejifungua?"

"Vilevile."

"Mgonjwa je?"

"Vilevile! Wewe umezaliwa wapi?"

Akaandika upya: mtu aweze kununuliwa fungu na mwenzake kwa jina lake, wala asiondolewe yeyote mpaka wenyewe waseme.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Bi Maulida akaigusa simu kwa kidole chenye mafuta; fungu likaandikwa kwa jina la Bi Sada, na mwenye zamu akalichukua. Bi Maulida akampigia mjane nyumbani, sauti wote waisikie.

"Nimeliona fungu langu kwenye simu," Bi Sada alisema. "Nani kanirudisha?"

"Yuleyule aliyekutoa."

"Basi mpeni samaki ale. Msimwache na njaa."

Wakamwekea changu wa moto na ndimu. Bi Maulida akamtazama anavyojichoma vidole.

"Wenzetu wa Pangani wananiuliza nani katutengenezea kitu hiki. Niwajibu nini?"

"Waambie nina kazi nyingi," Bwanausi alisema, mdomo umejaa, "lakini nafasi yao nitaitafuta."

"Mwoneni! Samaki hajapoa, kiburi kisharudi!"

Akacheka pamoja nao, akanawa mikono, akaomba namba ya Pangani.